Msumeno wa kukunja wa Sh 22,000: misimu miwili, visiki 30 na mbuzi wa jirani

Kwa anayetaka jibu la haraka: nunua. Ila usichukue wa kwanza utakaoshikishwa dukani, na usiufungue shambani kabla hujajua mbuzi wa mtaa wenu wanapita wapi. Anayetaka kujua kwa nini, avute kigoda.

Mimi ni fundi baiskeli, tarafa ya Mvumi, wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue macho yangu yanaangalia nini. Kitu cha chuma kikifika mkononi mwangu naanza na springi, naenda kwenye riveti, rangi naiacha mwisho. Habari za miti nimejifunza ukubwani. Marehemu mama alituachia shamba la ekari 4, tunalima uwele na karanga, na tangu nikiwa mtoto kazi ya kila Oktoba ilikuwa kufyeka visiki. Tunakata, mvua za Desemba zinaanguka, vinachipua. Mwaka unaofuata tunakata tena. Miaka 30 na zaidi tumevikata, na havikuacha kurudi hata msimu mmoja. Tuliviona ni magugu yenye kiburi.

Kumbe ndiyo miti yenyewe. Hilo nililisikia kwa mara ya kwanza kwenye mafunzo ya Kisiki Hai, ule mpango wa kurudisha miti ambao mashirika ya LEAD Foundation na Justdiggit yaliuanza mkoani kwetu 2018. Mkufunzi alisema jambo ambalo fundi yeyote angelielewa: mti uliokatwa juu bado una injini chini. Mizizi imekwisha kushuka, imekwisha kupata maji, ina akiba ya chakula. Mche unaoutoa kitaluni unaanza bila chochote, halafu unauweka kwenye nchi inayopata mvua ya milimita 500 na kitu kwa mwaka, yote ndani ya miezi minne au mitano. Ukifa, wa kulaumiwa ni nani? Kisiki chenyewe hakihitaji ndoo ya maji. Kinataka uchague machipukizi machache yaliyonyooka, matatu hadi matano, ukate yaliyobaki, upogolee matawi ya pembeni hadi kama nusu ya urefu, ufunge alama ili watu wajue kina mwenyewe, kisha ulinde. Neno hilo la mwisho nililisikia kwa sikio moja tu. Tutalirudia.

Alitusimulia pia asili ya njia hii. Mwaustralia mmoja, Tony Rinaudo, alikuwa Niger akipanda miche kwa miaka na karibu yote inakufa. Siku moja mwaka 1983 akasimamisha gari ili apunguze upepo kwenye matairi apite kwenye mchanga, akainua macho, akaona kichaka. Kukisogelea, akakuta ni mti uliokatwa unaojaribu kurudi, na jangwa zima limejaa wenzake. Wenzangu darasani walishangaa miti. Mimi nilifurahi kwamba yote yalianzia kwenye tairi.

Basi nikarudi nyumbani na panga.

Panga ni kifaa kizuri kwa mengi, ila kwa kazi hii linatesa. Machipukizi ya kisiki yamebanana kama spoku kwenye habu. Ukilenga moja unajeruhi jirani yake, tena mara nyingi ndilo ulilotaka kuliacha. Chipukizi nene kama kidole gumba likipigwa panga halikatiki mara moja, linapasuka, na gome linachanika kushuka hadi kwenye kisiki. Mchwa wa Dodoma wakikuta mti uliochanika hawasubiri kualikwa. Ndipo mpwa wangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), akaniambia, "Mjomba, tafuta msumeno wa kupogolea, ule unaokunjwa." Nikapanda gari kwenda mjini.

Wa kwanza niliununua Sh 15,000 kwenye duka moja la vifaa, ambalo silitaji kwa kuwa mwenye duka tunafahamiana na bado nina madeni mengine kwake. Mpini wa plastiki ya manjano, unang'aa. Ulidumu siku 11. Kitufe cha kuzuia bamba lisijifunge kilikuwa na springi nyembamba kuliko ya kalamu. Vumbi liliingia mara moja tu, kitufe kikabaki chini, na bamba likajikunja nikiwa katikati ya kukata. Nina alama kwenye kidole cha shahada. Kurudi dukani nikaambiwa kifaa kikishagusa mti hakibadilishwi. Nikauliza, kifaa cha kukatia miti kinatakiwa kiguse nini? Nilipewa jibu la kicheko.

Wa pili ndio ninaousifu. Chapa yake siwezi kuitaja, maandishi yalifutika kabla ya mwezi kuisha, ila nitaueleza ili ukiuona uutambue. Mpini umevikwa mpira mweusi, haukuchubui kiganja. Bamba lina urefu wa shubiri yangu moja kamili. Meno yake yamenolewa pande tatu na yameelekea nyuma, kwako. Maana yake unakata ukivuta. Ukisukuma haufanyi kitu. Waliozoea msumeno wa seremala wanausukuma kwa nguvu, bamba linapinda, halafu wanasema ni bidhaa mbovu. Vuta, achia, vuta. Tawi la unene wa mpini wa jembe ni mivuto 12 hadi 15, na sehemu iliyokatwa inabaki laini kama imepigwa msasa.

Kilichonifanya niulipie Sh 22,000 bila kubisha sana ni bolti. Pale bamba linapojikunjia, ule wa manjano ulikuwa na riveti, yaani ukilegea umekwisha. Huu una bolti na nati, namba 10. Nimeukaza mara tatu hadi leo. Ukiingia dukani usiangalie meno kwanza, yote yanang'aa yakiwa mapya. Ufungue, ushike ncha ya bamba, utikise kulia na kushoto. Ukicheza, uache. Kisha bonyeza kitufe mara 20 mfululizo mbele ya muuzaji. Atanuna. Mwache anune.

Kasoro zake nazo zipo. Meno yameunguzwa kwa moto ili yawe magumu, unaona ule weusi kwenye ncha, kwa hiyo tupa haiyashiki. Nimejaribu, tupa ndiyo iliyolika. Siku yakiwa butu utanunua bamba jipya, na bamba peke yake sijalipata Dodoma nzima. Pia utomvu wa migunga unaganda kwenye meno hadi msumeno unaanza kulia kama mlango. Mafuta ya taa kwenye kitambaa yanautoa. Baada ya hapo napaka mafuta ya alizeti, haya haya ya jikoni, maana grisi inakamata vumbi. Na ala yake, kile kimfuko cha kuvalia mkandani, ni aibu tupu. Kilichanika wiki ya kwanza. Nimeshona kingine kwa tyubu ya baiskeli, kitadumu kuliko mimi.

Hapo ndipo tathmini nyingi zingeishia: nyota nne, asanteni. Yangu ingeishia hapo pia kama si huyo mpwa wangu.

Alikuja likizo akakuta nimeshapogolea kona nzima ya shamba. Baada ya shikamoo akauliza, "Mjomba, utajuaje kama ni msumeno uliosaidia?" Nikamwonyesha machipukizi yalivyosimama. Akasema hata ambayo hukuyagusa yamesimama. Nikanyamaza, maana ilikuwa kweli. Akanichagulia visiki 30 upande wa pili, vinavyofanana fanana: 10 vya panga, 10 vya msumeno, 10 visiguswe kabisa. Kisha akaongeza lililonichosha mgongo: nusu ya kila kundi tukizungushie miiba, nusu tuiache wazi. Alama nilitaka kufunga vipande vya tyubu, ninavyo vya kumwaga, akacheka kwamba nyeusi haionekani. Tukachana kanga kuukuu ya shangazi yake, nyekundu. Shangazi hakuwa na habari. Sasa anayo.

Vipimo nilikuwa nachukua kila mwisho wa mwezi kwa fito niliyoitia alama, naandika kwenye daftari la madeni ya wateja, ukurasa wa nyuma.

Nilichotarajia ni kwamba msumeno ungelishinda panga waziwazi. Kwenye jeraha ulishinda: vya panga, vinne kati ya 10 vilichanika gome na viwili vikaota machipukizi mapya pale pale palipochanika, kazi ikawa mara mbili. Lakini kwa urefu, baada ya msimu mmoja wa mvua, panga na msumeno vilipishana kwa vidole tu. Ndani ya miiba na nje ya miiba, hapo ilikuwa tofauti ya mtu mzima na mtoto. Vya ndani vilikuwa vimenifika kiunoni, vingine kifuani. Vya nje vilikuwa vimekatwa sawasawa kwa juu kama nywele za mwanajeshi, na kinyozi nilikuwa namjua.

Subirini, lipo lililonishangaza zaidi. Nje ya miiba, visiki vilivyofanya vibaya kuliko vyote vilikuwa vile vya msumeno. Vile ambavyo sikuvigusa, kichaka kibaya kilichojikunja, vilikuwa na chipukizi moja au mawili katikati yaliyoanza kupanda juu. Nilichuchumaa mbele ya kimoja nusu saa nzima kabla sijaelewa. Machipukizi ya pembeni yalikuwa yameliwa, lakini yalikuwa ukuta. Mbuzi hakuweza kuingiza mdomo hadi katikati. Mimi na msumeno wangu mzuri tulikuwa tumeuvunja ukuta huo, tukabakiza matatu bora, membamba, yamenyooka, yamesimama wazi. Tulikuwa tumemwandalia mbuzi meza.

Nikampigia simu mpwa wangu. Hakushangaa. Akanisimulia habari ya msitu mmoja wa Marekani, jimbo la Utah, unaitwa Pando. Nilidhani ni neno letu, kupanda. Kumbe ni Kilatini, maana yake ninatanda, na hakuna aliyeupanda. Ni miti ya aspeni kama 47,000, imeenea hekta 43, na yote ni mti mmoja. Shina moja likaotesha mizizi ya pembeni, mizizi ikatoa mashina, hadi leo ukichukua jani la huku na jani la kule damu ni ile ile. Anavyoeleza yeye, ncha ya juu ya mti hutengeneza homoni inayoshuka kwenye mizizi na kuizuia isichipue. Ndiyo maana mti ukiwa mzima mizizi imetulia. Ukikatwa au ukiungua, kizuizi kinakwisha, mizizi inaachia machipukizi kwa maelfu. Nikamwambia hilo tunalo hapa: mtundulu ukiukata unakuotea hadi mlangoni, na mpingo nao huchipua kutoka mizizini. Hata wale Waingereza waliokuja Kongwa 1947 na matrekta yao kufyeka pori walime karanga, mizizi ilikuwa mmoja wa maadui waliowachosha hadi wakakunja virago 1951.

"Sasa mjomba," akasema, "unajua huo msitu unazeeka kwa nini?" Nikataja ukame. Nikataja moto. Akasema moto kwa aspeni ni rafiki, unaondoa misonobari inayoifunika na kuiamsha mizizi. Kinachoukwamisha Pando kwa sehemu kubwa ni meno. Kuna mnyama wa kwao mfano wa swala, mwenye pembe zilizogawanyika kama matawi, pamoja na ng'ombe wanaopitishwa humo kwa muda kila mwaka. Chipukizi likitokeza tu, limeliwa. Wazee wanaanguka na hakuna kijana wa kushika nafasi. Wakajenga uzio kuzunguka sehemu ya msitu. Ulipokuwa imara, vijana wakatokea. Ulipokuwa dhaifu, wanyama waliingia na hali ikawa ile ile. Mbele ya msitu mkubwa namna hiyo, tatizo lao na langu lilikuwa moja, nami nilikuwa nimetumia Sh 37,000 kwenye misumeno miwili na sifuri kwenye mazungumzo na mwenye mbuzi.

Mwenye mbuzi ni mzee wa jirani, ana umri wa baba yangu. Nilimwendea jioni, na nilikwenda vibaya. Baada ya mbukwenyi, salamu yetu ya Kigogo, na shikamoo, badala ya kuuliza habari za nyumbani nikaingia moja kwa moja kwenye mbuzi. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Unataka kunifanyia ya Kondoa."

Kwa wasiojua, Kondoa ndiyo kidonda cha mkoa huu kwa watu wa umri wake. Ardhi ilikuwa imekatika makorongo, serikali ikaanzisha mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, 1973, na mwaka 1979 ikaamuru mifugo yote itoke kwenye eneo lililomomonyoka, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Ikatoka. Na haki isemwe, miti ilirudi. Aliyepita Kondoa kabla na baadaye anasimulia nchi mbili. Hakuna somo kubwa kuliko lile kwamba mizizi ilikuwepo muda wote ikisubiri kwato ziondoke. Lakini mzee wangu haoni miti kwanza. Anaona ng'ombe wakiswagwa kwa amri na watu wasiojua watakunywa maziwa gani kesho. Na kwa mila zetu yeye hakukosea: shamba likishavunwa, mabua ni ya mifugo ya wote. Aliyekuwa analeta sheria mpya ni mimi.

Nilirudi baada ya siku nne, na kilo mbili za sukari na maneno machache. Tulikubaliana hivi: mabua ya uwele nitayakata na kumpelekea zizini, asipeleke mbuzi kuyafuata, upande wa korongo ambako hakuna visiki vingi wapite kama zamani, na visiki vikishampita mbuzi aliyesimama kwa miguu miwili, shamba linarudi kuwa la wote. Kipimo hicho cha mwisho ni chake. Tulimsimamisha beberu wake mkubwa kwenye mti, nikaweka fito: sentimita 170. Mpwa wangu aliandika namba hiyo kana kwamba imetoka maabara.

Msimu wa pili nilitumia msumeno tofauti. Nje ya miiba sipogolei mapema tena. Naacha kichaka kijilinde, nachagua mawili ya katikati, nafunga kanga, na nafungua ukuta kidogo kidogo kutoka ndani kadiri yanavyopanda. Hapo ndipo msumeno huu ulipopata nyota yake ya nne kwa haki. Panga haliwezi kazi hiyo hata siku moja. Huwezi kulirusha ndani ya kichaka ukakata kimoja katikati ya tisa. Bamba jembamba linaingia, meno yanavuta, unatoka na ulichokitaka. Anza na mkato mdogo chini ya tawi kabla ya kukata kutoka juu, gome halitachanika. Vaa shati la mikono mirefu, miiba ya mgunga haina adabu.

Kuna mahali sijautumia vizuri: kwenye mashina yaliyozidi unene wa mkono, bamba linabanwa na unapoteza saa nzima. Hapo shoka, au umwite mtu. Na usiazimishe watoto, wanakata miwa kwa kusukuma.

Nyota ya tano naizuia kwa sababu ya ala na bamba lisilopatikana. Nilitaka kuweka picha ya meno yalivyo baada ya misimu miwili ili mjionee, lakini msumeno haupo hapa. Mzee aliuazima wiki tatu zilizopita. Alisema kuna visiki viwili nyuma ya zizi lake anataka kuvijaribu. Jana nilipita kwa baiskeli, nikahesabu vitambaa vyekundu 14 kabla ya kufika kwenye kona, na mbuzi wamefungiwa ndani wakila mabua yangu.